Ya Tatu Haipandi

Kilewo ameileta Jumamosi, saa moja na nusu,
imeviringishwa kwenye blanketi la mwanawe, lenye picha za samaki.
Mpya. Bado inanuka grisi ya kiwandani.
Kibali amekikunja mara nne mfukoni.
"Imenidhulumu," anasema,
kama mtu anayemsema shemeji.

Mtutu kwenye tuta, kidole nje, ndipo tuongee.

Ya kwanza inapanda. Ya pili inapanda.
Ya tatu inainua kichwa, inagonga ukingo wa chemba,
inakwama pale, pua juu, bolti imeibana kiunoni.
Na zilizotoka zimekwenda zinakojua:
moja pembeni mwa karatasi, moja chini kushoto,
moja imepiga jiwe la machimbo ya zamani
na vumbi jeupe la Kunduchi likatutua kofiani.

Nikakaa. Sikuigusa.
Baba alikuwa fundi cherehani, Mtaa wa Kongo.
Mteja akiingia huku anaitukana mashine,
baba alimwomba kwanza auone uzi.
Nami nikamwambia Kilewo: nionyeshe risasi.

Anazo za aina tatu, kopo moja la maziwa ya unga.
"Risasi ni risasi," anasema.
Na mchele ni mchele, nikamjibu,
mpelekee mama mkwe chenga.

Nikaitoa yote, nikatazama chemba, nikatia kidole, tupu.
Nikaifungua juu ya gunia.
Ile grisi, kwa joto hili na vumbi hili,
imeshakuwa uji wa jana. Nikafuta.
Tone moja la mafuta. Tone, Kilewo, si kikombe,
ila usiache kabisa: chumvi ya hapa haipigi hodi.
Nikatia bisibisi kwenye skrubu za darubini
na ya kwanza ikazunguka kana kwamba ilikuwa inaningoja.
Ya pili pia.
Darubini nzima inacheza kama jino la darasa la kwanza,
naye wiki mbili anaupigia simu mji mzima kuhusu mtutu.

Magazini anazo mbili. Nikabadilisha:
tano zimepita, hakuna aliyekohoa.
Nikarudisha ile ya kwanza: ya tatu, pua juu.
Macho yangu ya karibu yamekwisha,
kwa hiyo nikaipapasa kwa ukucha wa dole gumba.
Mdomo wa kushoto umepanuka
unywele mmoja, labda mmoja na nusu.

Basi. Aina moja ya risasi, kila kitu kimekazwa.
Akalala kifudifudi, akapiga.
Nne zimekaribiana kama majirani wa Manzese.
Moja chini kushoto, peke yake.
Tena. Moja chini kushoto.

Sikusema neno.
Nikampakilia mwenyewe, na katikati ya nzima
nikachomeka moja ya mazoezi, isiyo na baruti.
Akavuta.
Kimya.
Na katika kimya kile mtutu ukazama
kama mbuzi aliyesikia neno Idi.

Alibaki amelala, shavu kwenye kitako.
Kunguru wawili, lori la kokoto linapanda kilima.
"Nilikuwa Mbagala," akasema, "siku ile ya ghala.
Darasa la tano. Kiatu kimoja.
Nilikimbia hadi nikasahau ninakimbia nini."

Nilikuwa na bisibisi mkononi.
Nikaiweka chini.
Nikampa vizibo vya masikio, na juu yake vile vikubwa,
nikamwambia nitakuwa nakuchanganyia,
hutajua ipi hai, ipi mfu,
hadi mwili wako uchoke kubahatisha.
Leo si siku yake. Labda Jumamosi ijayo. Labda ile ya baadaye.

Magazini mbovu nimeipaka rangi ya kucha,
nyekundu, alama ya X chini, isije ikarudi kundini.
Amelipa nusu.
Ameiviringisha tena kwenye blanketi,
akauvuta ule upande wa samaki kwa ndani,
taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu.