Reli ya Kwenda Tu

Mimi Emrys Pugh, mpishi, mtu wa Barry.
Kazi yangu viazi, na Jumapili nyama ya kopo.
Vita mimi navisikia kwa nyayo:
bomu likipasuka kilindini, sufuria zinanong'ona,
ndipo najua manowari zetu ndogo
zimenusa nyambizi ubavuni mwa msafara.

Meli thelathini na saba, mwendo wa mzee mwenye baridi yabisi:
ngano, mbao, petroli.
Sisi tumebeba unga wa Kanada,
na omoni, juu ya reli fupi ya chuma, ndege moja.
Roketi za kuirusha zipo.
Reli ya kuirudisha haipo.
Aliyeibuni hakusahau; alipiga hesabu tu.

Rubani wake, Tarrant, kijana wa Saskatchewan,
kwao bahari ni ngano.
Siku kumi na moja hana la kufanya,
akaja jikoni kunimenyea viazi,
vibaya, nusu ya kiazi inakwenda na ganda.
Usiku tukacheza drafti juu ya gunia la chumvi.
Mimi sikuuliza, naye hakusema.
Mara moja tu: "Emrys, maji yana baridi kiasi gani?"
Nikamjibu, ya kunywa au ya kuogea?
Akacheka, akala kete yangu.

Siku ya kumi na mbili ikaja ndege yao ya injini nne,
mbali, mizinga haifiki,
ikatuzunguka taratibu
kama mtu anayehesabu kuku wa jirani.
Haikuangusha kitu.
Ilisema tu, kwa redio, tulipo,
ikawasemea wanaojua kusikiliza.

Nahodha akatazama saa. Bendera ikapanda.
Jiko likaruka, mlango wa tanuri ukafunguka wenyewe,
moto wa roketi ukababua rangi ya omo,
na ndege yetu ikashuka,
ikashuka,
ikakaribia kulamba wimbi,
kisha ikakumbuka kuwa ni ndege.

Dakika kumi na nane, mawingu matupu.
Mtu wa taa akasema, moshi.
Moshi wa nani?
Akarudi yeye, peke yake, akapita juu yetu chini chini
akitikisa mabawa,
mtu anayepiga hodi na kujua haingii.
Alikuwa na mafuta ya nusu saa, na bahari nzima.

Mwavuli ukafunguka, mweupe.
Nilisimama sitahani, mikono ina unga, nikihesabu dakika:
ya sita, manowari moja inageuka;
ya tisa, bado inageuka.
Msafara hausimami. Ukisimama umekwisha.
Tukampita akiwa nukta.

Jioni taa ikapepesa kutoka kule,
mtu wa taa akaja kunisomea jikoni, herufi zimelowa:
MPISHI. MAJI NI YA KUOGEA. USIGUSE DRAFTI.

Usiku ule walizichoma mbili.
Wangeweza kuchoma saba, alisema nahodha.
Tano hizo ni zipi, nani atazitaja?
Huenda mojawapo ni sisi,
tuliolala na viatu, tukaamka na viatu.

Siku nane zilibaki, na reli tupu.
Kila apitaye omoni aliikwepa kwa macho,
kama pengo kinywani mwa mgeni.

Kete zipo pale pale. Zamu ni yake.
Chumvi siku hizi nachota gunia jingine.