Dakika Tano

Usiku ule nilisikia saa nisiyoijua.
Tk. Tk-tk. Kimya. Tk.
Mimi ni fundi saa, hapa Mechelen, kichochoro cha nyuma ya kanisa;
ukutani zipo kumi na tisa,
kila moja naijua kwa kikohozi chake,
na hii haikuwa yangu.

Nikawasha taa, ikakata.
Nikazima, ikarudi.

Basi nikazisimamisha moja moja:
ya mjane wa muuza jibini, iliyolipiwa nusu,
ya shule, iliyopasuka kioo,
ile ndefu ya Gommaar, pendulo lake kama sahani ya shaba.
Nilipoibana ya mwisho kwa vidole viwili
nyumba ikanyamaza mpaka nikasikia masikio yangu,
na bado: tk.
Chini ya kitambaa cha kizimba.

Wannes ni kanari wa ukoo wa maji.
Hufugwa kwa ajili ya koo:
waimbe maji yanayochemka, maji yanayodondoka,
maji yapitayo chini ya daraja bila haraka.
Wiki ya pili sasa alikuwa hajaimba.
Nilisema anabadili manyoya.
Nilisema ni baridi.
Alikuwa anakula, na mlaji, nilijiambia, si mgonjwa.
Kumbe kila pumzi mkia ulipanda ukashuka
kama mpini wa pampu ya kisima,
na mdomo aliufuta kijitini, akaufuta tena,
kama mtoto aliyelishwa dawa.

Gommaar alikuja na tochi na pamba mbichi.
Tuliingia kabatini, tukafunga mlango, wazee wawili na ndege mmoja.
Akalowesha manyoya ya shingo, akayatenga,
akaweka mwanga nyuma.
Ngozi ikawaka kama karatasi ya taa.
Nikauona mrija wa pumzi, mwembamba kuliko utambi,
na ndani yake pilipili manga iliyosagwa.
Punje moja ikatembea.

"Utitiri," alisema. "Umemnunua nani, lini?"

Jike. Jumapili, sokoni, bei ya kutupa.
Jioni ile ile nikamtia kizimba kimoja na Wannes,
sahani moja ya maji, midomo miwili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji hakupona.

Daktari Nele alimpima Wannes kwa mzani wa barua,
akahesabu, akahesabu tena,
akadondosha tone moja kwenye ngozi ya shingo.
"Usikisie nyumbani," alisema. "Nimeona waliokisia."
Baada ya wiki mbili, tone la pili.
Na wote watibiwe, hata asiyekohoa.
Nikachemsha vijiti kwenye sufuria ya supu.

Jike nilimlaumu siku mbili.
Siku ya tatu nilimkuta sakafuni mwa kizimba, mdomo wazi.
Yeye ndiye aliyebeba mzigo mkubwa zaidi,
na sikuwa nimempa hata jina.

Wannes aliimba mwezi Machi.
Maji yake hayachemki tena; yanadondoka tu,
kama bomba ambalo hakuna aliyelikaza.
Gommaar anasema hatashinda taji popote.
Nami sikumpeleka popote.

Sasa yupo mwingine, Jozefien, chumba cha kufulia,
mlango umefungwa, sahani yake peke yake;
nikitoka kwake naosha mikono hadi viwikoni.
Siku arobaini. Leo ni ya kumi na moja.
Ananitazama kama mfungwa asiyejua kosa lake,
na siwezi kumweleza.

Kila usiku saa nne nazisimamisha zote,
nasimama gizani bila viatu,
kwanza mlango huu, kisha ule.
Wateja wananung'unika:
saa zao zinarudi zikiwa nyuma.
Naomba radhi, nagusa sukurubu moja nisiyoikaza.
Dakika zao tano ninazo mimi.
Nazitumia kusikiliza.