Nafasi ya Tarehe

Mimi ndiye niliyeipiga chapa ile barua.
Niseme mapema, nisije nikajificha nyuma ya kazi.
Karani wa baraza la mkoa, Oruro,
chumba cha tatu, dirisha linalotazama mgodi,
hita mbovu, vidole vya bluu kila mwezi wa saba.

"Kwa sababu za kiafya." Maneno hayo
nimeyapiga mara nne:
kwa Bibi Casta, aliyekuwa mzima kama chuma;
kwa Emeteria, aliyepandisha gunia la viazi ghorofa mbili
asubuhi ileile aliyojiuzulu;
kwa yule binti wa Challapata, jina lake nimelisahau,
na kusahau kwangu ni sehemu ya barua.
Hubadilisha jina tu. Nukta hubaki palepale.
Tarehe huambiwa niiache wazi.

Maana sheria imesema nusu kwa nusu,
mwanamke, mwanamume, mwanamke, mwanamume,
orodha imetungwa kama shanga.
Na kila kiti kina mwenyewe na mbadala wake.
Basi chama kikatii. Kikamweka Basilia Catari juu,
na chini yake, kwa herufi ndogo, Severo Tintaya,
ambaye suti alikwisha kushona.

Jumatatu akamletea. Kalamu kaifungua kifuniko.
"Mama, tulipatana. Mwaka umekaa, sasa inuka."
Basilia akavua kofia yake nyeusi,
akaiweka juu ya karatasi kama afunikaye chakula.
"Nitaisoma kesho," akasema.

Wakacheka ukumbini. Walidhani hajui kusoma.

Kesho yake ajenda ilikuwa maji:
mgodi ulipie kila tangi uchotalo
katika mto uliokuwa ukilisha ziwa.
Ziwa lenyewe siku hizi ni chumvi na nyayo.
Basilia kazaliwa kandokando yake.
Mama yake aliuza mayai ya ndege wa majini;
sasa hakuna ndege, hakuna maji,
mama yupo.

Akapewa dakika tatu. Akabonyeza kipaza sauti.
Hakutaja mto. Hakutaja mgodi.
Aliikunjua barua, akaisoma neno kwa neno
kwa sauti ya mtu asomaye bei sokoni:

"Mimi, Basilia Catari, kwa hiari yangu,
kwa sababu za kiafya, leo tarehe..."

Akanyamaza. Akageukia viti vya wageni.
"Ndugu mbadala, hapa pana pengo.
Nijazie wewe, unayejua nitaugua lini."

Spika akagonga nyundo. "Hilo lisiandikwe!"
Wote wakanitazama,
mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja.
Nilifundishwa kwamba karani hana mdomo.
Kweli, hana.
Lakini vidole vilikwisha andika,
na kanuni ya thelathini na mbili, niliyoipiga mimi pia,
yasema kilichonenwa hapa hakifutwi ila kwa kura.

Wakaitisha kura ya kufuta.
Wanawake wa vyama vitatu visivyosalimiana
waliiacha mikono mapajani.
Mmoja alikuwa akifuma soksi, hakuinua hata macho.
Hesabu haikutimia.

Siongezi chumvi, mkoa wetu unayo ya kutosha:
muswada wa maji ulianguka siku hiyo, kura mbili.
Mgodi bado unachota.
Usiku mtu aliandika kwa rangi mlangoni pa Basilia
neno nisilolitia hapa.
Asubuhi alikuja na rangi ileile chini ya kucha,
akaketi kitini pake, akaomba ajenda.

Jana amekuja kijana wa chama. Uchaguzi unakaribia.
"Karani, tutahitaji barua kama ile,
nafasi ya jina, nafasi ya tarehe. Nakala ishirini."
Nikamwambia kompyuta inaumwa.
Akaitazama, inanguruma kama paka aliyeshiba.
Akauliza imeanza kuumwa lini.
Nikapuliza vidole. Baridi ilikuwa kali.