Mafuta ya Taa

Jumatatu saa tisa, kabla ya vitambaa kutandikwa,
wahudumu sita tumepangwa mbele ya glasi
kama watahiniwa. Nje, Hurlingham imejifunika
wingu lile la Julai lisilonyesha wala kuondoka.
Bi. Sarange anamimina kidogo, kidogo mno,
hata nikadhani chupa imemwishia.

"Msinywe," anasema. "Kwanza tazameni. Rangi gani?"
Nyekundu.
"Nyekundu gani?"
Kumbe nyekundu ina koo na milango.
Lempaa anasema damu ya mbuzi, iliyokaa.
Kerubo anasema sketi ya shule, muhula wa tatu.
Mimi nasema nyekundu tu, ya kawaida,
na mwalimu ananikwepa kama dereva anavyokwepa shimo.

Halafu kuzungusha. Wangu ukaruka ukingo
ukatua kwenye shati jeupe, nililonalo moja.
Halafu pua, pua nzima, ndani ya glasi.
Halafu kinywani, uviringike, upite chini ya ulimi,
halafu, na hapa nikasita,
kuutema ndooni.

Mama alitulea kwa sheria moja:
kilichoingia kinywani hakirudi nje.
Mimi huyu, niliyekomba masufuria ya wageni,
niteme kitu ambacho chupa yake moja
ni kodi ya chumba changu, na umeme juu?
Nikameza. Wa kwanza, wa pili.
"Utalewa kabla hujajifunza," akaniambia kwa upole.
Wa tatu nikautema, nikageuza uso
kama mtu aliyetukana mezani.

Kuna karatasi ametugawia, orodha ya harufu:
matunda ya misitu ya mbali, maua ya bustani za wengine,
mbao za seremala nisiyemjua,
tandiko la farasi.
Farasi nimewaona Ngong, siku ya mashindano,
mimi upande huu wa ua; harufu haikuvuka.
Nikaanza kubahatisha. "Farasi," nikasema.
"Huu ni mweupe," akasema. "Farasi hayumo."

Ukakasi, huo niliujua bila karatasi:
ndizi mbichi ya wizi, fizi zikikaza,
ulimi ukivaa gunia.
Hapo tu ndipo nilipoinua mkono.

Ikaja chupa ya tano, nyembamba, ya shingo ndefu,
mvinyo mweupe uliozeeka, rangi ya nyasi za Januari.
Nikainamisha pua. Nikaganda.
Nikaangalia sakafuni kama kuna aliyemwaga kitu.
Harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma:
duka la baba Kawangware, mlango wa bati,
pipa, pampu ya mkono, faneli,
kikombe cha kupimia cha shilingi kumi,
chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi,
na vidole vyake akinikatia mkate,
kila kipande kikiwa na ladha yake yeye.
Shuleni waliniita Koroboi.
Nilisugua mikono kwa sabuni ya kufulia
hadi ikachubuka, na mikono yenyewe
haikuwa ndiyo iliyonuka.

"Na wewe? Umepata nini?"
Naweza kusema limau. Limau limo kwenye karatasi.
Kerubo ameshaziba mdomo kwa kiganja, tayari.
"Mafuta ya taa," nasema.

Wakacheka, hadi mpishi akachungulia.
Bi. Sarange akanusa glasi yake, akafumba macho,
akakaa hivyo muda.
"Sawasawa," akasema. "Zabibu hii ikizeeka vizuri
hunuka hivyo. Wapo wanaoongeza pesa kwa ajili yake."
Akaendelea na mambo ya samaki na jibini;
sikumsikia.
Ule wa tano sikuutema.

Saa mbili usiku, meza ya tisa,
mgeni akainua glasi kwenye taa: huu una nini?
Nikamjibu vizuri, mikono nyuma:
limau, bwana, maua meupe, asali kwa mbali.
Ya baba sikumuuzia.