Daria

Karani akauliza, kalamu hewani: "Jina?"
Mimi na baba yako tukajibu kwa mpigo mmoja,
mara ya kwanza tangu Machi.

Yeye alimtaja nyanya yake, Daria wa Tara,
aliyeuza matango ya chumvi stesheni
hata baada ya vita kumla wanawe watatu.
Mimi niliutaja mto.
Kwetu Khujand daria ni maji yapitayo;
mama alifulia mazulia humo,
akiyakanyaga kwa visigino kama anayelipiza.

Tukanyamaza, kila mtu na Daria wake,
theluji ya Omsk ikipapasa dirisha la ofisi.

Ni Feoktistova, mfamasia wa ghorofa ya nne,
aliyeniambia ngazini, mkate kwapani:
"Hata hilo letu limetoka huko kwenu,
kwa mfalme wa Uajemi. Maana yake: ashikaye wema."

Baba yako alicheka hadi akakohoa.
Mimi nilitazama ngumi yako
iliyokaba kidole changu, haitaki kuachia.

Basi shika, mwanangu.
Lakini siku mikono ikikuchoka
kumbuka ule upande wangu wa jina:
mto haushiki kitu.
Hupita,
na bado huitwa mto.