Dawa ya Deni

Daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho,
nyuma ya viuno na mabega ya watu wa Cahi,
ndipo ninapoandika hesabu za mbwa.
Naandika kwa penseli. Wino una kiburi.

Cirhuza alishonesha sare sita za shule,
kola za mviringo, mifuko miwili miwili,
dola thelathini na sita. Akasema Ijumaa.
Zikapita Ijumaa tisa.
Ya kumi akaja na katoni ya sabuni,
ndani hamna sabuni: kitoto cha mbwa,
masikio yameloa mvua ya Bukavu.
"Shika hiki, mama, huku natafuta."
Nikakiita Deni, nisije nikasahau.

Siku za kwanza nilisema: limekula.
Limekojolea kitenge cha mteja.
Limelia usiku kucha chini ya cherehani.
Sikumbuki ni lini ulimi uliteleza
nikamwambia mwanangu Akonkwa:
mfunike, amelala.

Haya, pesa.
Sambaza, gobeleti moja, faranga elfu mbili;
vichwa vitupu ni nusu yake, ukielewana na Mama Nsimire.
Lakini mwezi ukipevuka wavuvi hurudi na nyavu kavu,
samaki gani atafuata taa ya mtumbwi
na mbinguni kumewaka bure?
Gobeleti inapanda hadi elfu tatu na nusu.
Kwa hiyo mbwa wangu ana bajeti ya mwezi,
ule wa juu.
Akiubwekea, majirani hupiga mabati.
Mimi namwelewa.

Pumba za mahindi, mia tano.
Mifupa, bure, wiki ambayo zipu ya bucha imekatika.
Kamba: aliitafuna.
Kamba ya pili: hivyo hivyo.
Mnyororo, soko la Kadutu, elfu kumi na mbili,
nikaubeba chini ya khanga kwa aibu,
maana viatu nilivyovaa
havikufika bei hiyo.
Kuku wa mwalimu Birindwa, elfu ishirini na tano,
na nyama hatukupewa.

Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Dawa ya Deni ni sindano ya kichaa, dola tano,
na kushuka hadi Nyawera kwa miguu,
kwa sababu dereva wa teksi alisema
mwenye pua naye alipie kiti.
Daktari akauliza jina, akauliza umri,
akauliza mwenye mbwa.
Hapo nilisita.
Kalamu yake ikaning'inia hewani,
kisha ikaandika langu.

Muhula wa pili minervali ya Akonkwa
ilipungua elfu nane.
Likelemba ilikuwa zamu ya mwingine.
Sikuwa na haja ya kuuliza zilikokwenda:
zilikuwa mlangoni,
zikitikisa mkia.

Jana Cirhuza amerudi.
Suruali ina mstari wa pasi, anafanya kazi Uvira sasa.
Ameweka juu ya meza noti safi,
hata moja haina mpasuko ukingoni,
thelathini na sita kamili.
Nilikuwa nimelifungua daftari ukurasa ule wa mwisho,
mia moja na tisa, ukimwacha kuku,
nikalifunga.
Sare ni sare. Nikazipokea.

Mbwa akatoka chini ya cherehani,
akamnusa viatu, cha kushoto, cha kulia,
akarudi alikotoka.
"Ndiye yule? Amekuwa mkubwa! Mnamwitaje?"
"Deni," nikasema.
Uso wake ukaingia kivuli.
"Lakini mama, si nimekwisha kulipa?"

Akonkwa alicheka hadi akakaa chini.

Nimechonga penseli.
Elfu nane za shule, kwanza.
Kisha sambaza, gobeleti tatu, za kuanika,
leo, kabla soko halijafungwa:
usiku huu mwezi unapevuka.