Pungufu Saba

"Pwani geji ilisoma kumi na tisa,"
alisema mhasibu Mbwilo, kama mtu anayedai chenji.
"Hapa kumi na mbili. Saba zimeenda wapi, fundi?"

Nikapangusa kioo cha geji kwa kidole gumba.
Mshale ulitetemeka kwenye kumi na mbili
kama kuku aliyenyeshewa.

Tatu na nusu, nikamwambia, hazina mwizi.
Hizo kachukua mwinuko. Tuko juu, bwana,
hewa ya Dodoma ni nyepesi, hata maharage
yanakula mkaa zaidi kabla hayajaiva.
Toa hizo. Zinazobaki ndizo kesi.

Hakupenda hesabu asiyoifanya yeye.
Akakaa juu ya tairi bovu, akatoa kalamu.

Pistoni inaposhuka inavuta,
na throto ikiwa imefunga mlango
nyuma yake panabaki njaa.
Njaa hiyo ndiyo tunayoipima.
Injini isiyo na njaa, ujue inadokoa mahali.

Tukaanza kutafuta inakodokolea.
Nikabana mpira wa busta ya breki: mshale kimya.
Ndahani akapuliza sprei kwenye gasketi, tone kwa tone:
mngurumo ule ule.
Nikapima mgandamizo; silinda nne, tumbo moja.
Mkanda wa taimingi, alama juu ya alama.
Jua likahama kutoka bati hadi bati.

Na turbo ina unafiki wake.
Ukikanyaga mafuta inasukuma,
tundu lililokuwa linavuta linageuka kupuliza.
Mbwilo alisikia mluzi akipandisha kutoka Gairo.
Alidhani ni upepo. Akafunga kioo.

Basi, moshi.
Kopo la maziwa ya unga, pamba, mafuta ya mtoto,
plagi ya kupashia ya trekta, pumzi kidogo ya kompresa.
Moshi ukaingia injini vizuri
na Julai ikaufuta kila ulipochungulia.
Upepo huu huu wa Kizota
unaogonganisha mabua ya uwele,
unaotia vumbi la reli kwenye chai,
ukala ushahidi wetu tukiwa tumesimama.

"Tulifunike," akasema Ndahani.
Hana miezi mitano kwangu.
Tukalivika gari turubai la lori la zabibu,
akaingia chini yake, tochi mdomoni.
Nilimsikia akikohoa. Kisha kimya.
Kisha: "Chini ya inteki, fundi.
Mpira mfupi. Wenye klipu ya njano."

Klipu ya njano.

Nikainama, nikaangalia tena bodi,
nikakwaruza rangi ya kijivu kwa ukucha
na chini yake nikakuta nyeupe.
Gari la daktari wa Kisasa!
Liliuzwa pwani mwaka juzi, mwezi mmoja
baada ya kutoka hapa, mikononi mwangu.
Na zile klipu nilizinunua Majengo,
pakiti nzima, kwa bei ya sahani ya chipsi.
Ilishika huko bondeni. Mlimani turbo iliposukuma
ikaachia, taratibu, kama ahadi.

Ningeweza kukaza na kunyamaza.
Ndahani alikuwa anatoka chini ya turubai,
nyusi zimejaa masizi, anacheka.

Andika, nikamwambia Mbwilo:
tatu na nusu, mwinuko.
Tatu na nusu, mimi.

Nikafunga klipu ya chuma. Mshale ukapanda,
ukapita kumi na nne, ukatulia
kwenye kumi na tano na nusu, bila kutetemeka.

Hakuuliza bei. Aliuliza:
"Pakiti ilikuwa na klipu ngapi?"
Ishirini.
"Zimebaki ngapi?"
Nikavuta boksi, nikazimwaga kwenye benchi. Sita.

Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe,
kalamu haikugusa karatasi.
"Kumi na tatu," akasema, "ukitoa hii,"
akatazama barabara ya Singida,
magari yakipita na miluzi yao.